Mbwa Afunzwe Kamba Kabla ya Siku ya Sindano

Mkulima wa Kitui au Makueni anayetaka kumfunza maksai mchanga kazi ya plau haoni haya kutumia majuma kadhaa katika shughuli hiyo. Humfunga nira pamoja na mwenzake aliyekwisha kuzoea, akamtembeza bila mzigo wowote, kisha akamvutisha gogo, na hatimaye akamwingiza shambani mvua zinapokaribia. Hakuna jirani amchekaye. Kila mtu anajua kwamba ng'ombe hazaliwi na elimu ya nira.

Lakini mkulima huyo huyo ana mbwa mkubwa uani, ambaye tangu azaliwe hajavishwa hata uzi shingoni. Kisha siku moja katika mwaka, mnyama huyo hutarajiwa afungwe kamba ghafla, aongozwe mwendo wa kilomita mbili au tatu, apite mbele ya mbwa wa watu wengine, na kusimama kimya adungwe sindano na mtu asiyemjua. Je, ndugu msomaji, twatarajia muujiza gani?

Hoja yangu leo ni moja. Kumfunza mbwa mkubwa kutembea kwa kamba bila kuvuta si anasa ya matajiri wa Karen na Muthaiga, kama wengi wetu tunavyodhani. Katika wilaya zetu za Ukambani, ambazo siku hizi ni kaunti, hilo ni jambo la afya ya umma, na pengine ni jambo la uhai wa mtoto.

Kichaa cha mbwa si mgeni nchini mwetu. Kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini Kenya kilikuwa cha mbwa aliyeugua karibu na Nairobi mwaka 1912. Tangu hapo ugonjwa huu umeenea, na nyanda za Ukambani zimekuwa miongoni mwa maskani yake. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Machakos miaka ya 1990, Makueni ikiwa imetengwa nayo mwaka 1992, ulionyesha kwamba mbwa wa huko walikuwa na wenyewe, lakini wengi wao walizurura bila kufungiwa. Hawakuwa mbwa wa porini. Walikuwa wetu, tukiwalisha jioni na kutojua walikoshinda mchana.

Mwaka 2014 serikali ilitangaza mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu miongoni mwa binadamu ifikapo mwaka 2030, na Kitui na Makueni zikawa miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kutangulia. Msingi wa mpango huo ni hesabu rahisi: kati ya kila mbwa 10, angalau 7 wachanjwe. Wakifika 7, virusi hukosa njia ya kupita kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Na kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa kila msimu na wazee hufa, kazi hiyo hairuhusu kufanywa mara moja na kusahauliwa. Sharti irudiwe mwaka baada ya mwaka.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba takriban visa 99 katika kila 100 vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba karibu watu 4 kati ya kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, takriban kila mara mwisho wake ni mauti. Hapo hakuna daktari wala mganga.

Basi kinga ni chanjo. Lakini kwa desturi chanjo haimfuati mbwa. Mbwa ndiye huifuata. Maafisa wa mifugo huweka kituo sokoni, kwenye uwanja wa shule au penye josho la ng'ombe, na wananchi huombwa walete mbwa wao. Na nani huwaleta? Baba yuko kazini Mombasa au Nairobi. Mama yuko kisimani na punda wake. Anayebaki ni mtoto wa miaka 10 au 12, naye ndiye akabidhiwaye mnyama ambaye uzito wake wakaribia wa kwake.

Nimesimama chini ya miti ya vituo kama hivyo na kuyaona yatokeayo. Mvulana amejizungushia kamba ya katani kiganjani ili isimponyoke. Mbwa anawaona wenziwe, anaruka, na mvulana anaburutwa kifudifudi katika changarawe hadi ngozi ya kiganja inachunika. Mwingine amemfunga mbwa wake kwa waya, na waya umeshaanza kula shingo. Wa tatu amemleta wake ndani ya gunia, juu ya wilbaro. Na wapo ambao hufika mikono mitupu, wakisema kwamba mbwa amekata kamba njiani na kurudi nyumbani.

Tafakari, msomaji, ni mbwa yupi anayekosa sindano kwa utaratibu huu. Yule mdogo na mpole atachanjwa, kwa sababu hata mtoto ammudu. Lakini yule mkubwa, mwenye nguvu, aogopwaye na kijiji kizima, ndiye aachwaye nyumbani kwa kuwa hakuna awezaye kumleta. Naye ndiye mwenye taya za kutisha kuliko wote. Hivyo twawakinga wanyonge na kumwacha jabari bila kinga.

Kwa nini mbwa huvuta? Wengi husema ni ukaidi. La hasha. Mbwa ana miguu minne na mwendo wake wa kawaida ni wa kasi kuliko wetu. Ana pua inayomsomea habari za njia nzima. Akiona kitu mbele hukitaka, na akivuta hukifikia. Kila hatua unayopiga nyuma yake huku kamba imekaza ni malipo unayomlipa kwa kuvuta. Ukimvuta kwa nguvu kurudi nyuma, naye hujikaza zaidi kwenda mbele. Katika shindano hilo la mabavu, mbwa wa kilo 40 hawezi kushindwa na mtoto.

Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, alionyesha kwa kutumia mbwa jinsi mnyama anavyoifungamanisha ishara na kile kinachoifuata. Kengele au sauti nyingine ikitangulia chakula mara nyingi, mbwa hutokwa na mate aisikiapo, hata kabla ya kuona chakula. Nasi tumewafundisha mbwa wetu somo hilo hilo bila kujua. Mbwa ambaye huiona kamba siku ya sindano tu, kwake kamba ni tangazo la maumivu. Mwaka ufuatao akiiona, hukimbilia vichakani.

Dawa yake ni kuifanya kamba kuwa jambo la kila siku. Mvishe mbwa mkanda mpana wa shingoni, ulegee kiasi cha kupitisha vidole viwili, na umwache aushinde nao siku kadhaa hadi ausahau. Usitumie waya wala kitanzi kinachojikaza. Kisha mfunge kamba nyepesi, yenye urefu wa mita mbili hivi, umwache aiburute uani ukiwa unamwangalia, huku ukimpa chakula chake. Sasa kamba imekuwa jirani wa ugali, si jirani wa sindano.

Hatua ya pili ni kutembea naye humo humo uani, mahali pasipo na vishawishi. Shika kamba, wala usiizungushe mkononi. Akitembea kando yako kamba ikiwa imelegea, msifu kwa sauti ya upole na umpe kipande kidogo cha nyama au ugali, pale pale penye goti lako. Akivuta, simama. Usimpigie kelele, usimvute; simama tu kama mbuyu. Atahangaika, atageuka kukutazama, na kamba italegea. Papo hapo msifu na uendelee. Ukiona bado anavuta, geuka na ushike njia ya kinyume, ili ajifunze kwamba mwenye kujua safari ni wewe.

Somo lisizidi dakika 10, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni jua likiwa limepoa. Akiweza uani, mpeleke njiani; akiweza njiani, mpitishe mbali na mbwa wengine, kisha karibu kidogo. Ikiwa ni mwenye nguvu nyingi, mshonee mkanda wa kifuani kutokana na utepe mpana, na ufunge kamba mbele ya kifua badala ya mgongoni, ili akivuta ageuzwe ubavu na nguvu zake zimpotee. Mtu mzima ndiye aanze mafunzo hayo. Mtoto apokee kamba wakati mbwa amekwisha kuwa mwanafunzi mzuri, na mtu mzima awe karibu.

Zaidi ya yote, nyumba nzima ifuate sheria moja. Iwapo baba husimama mbwa avutapo, naye kaka humwacha avute kwa kuwa ana haraka, mbwa atajifunza kwamba kuvuta hulipa siku nyingine, na hataacha. Kwenda mbio si kufika.

Najua pingamizi zipo. Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mbwa ni wa kulinda boma, si wa kutembezwa kama bibi arusi." Nilimjibu kwa heshima, "Mzee, hata askari hufunzwa kwata kabla ya kupewa bunduki." Mafunzo hayamwondolei mbwa ukali wake. Tazama mbwa wa polisi: hutembea kando ya askari wakiwa watulivu, na bado hakuna mwizi apendaye kukutana nao. Mbwa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hunusa pembe za ndovu katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta na bandari ya Mombasa, wakipita katikati ya watu na mizigo wakiongozwa kwa kamba. Kazi hiyo ngumu hawakuifunzwa kwa bakora.

Wengine husema fimbo ni fupi na hufundisha haraka. Fimbo hufundisha, naam, lakini hufundisha kwamba kamba na mkono wa binadamu ni adui. Mbwa aogopaye mkono ndiye aumaye mkono. Fauka ya hayo, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, huhesabu kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa.

Wapo pia wasemao hawana wakati. Dakika 20 kwa siku kwa muda wa majuma matatu ni saa saba tu. Anayeona saa saba ni nyingi na alinganishe na safari ya hospitali baada ya mtoto kuumwa: nauli ya kila mara, sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na hofu isiyolala usiku.

Nazisihi serikali za kaunti za Kitui na Makueni zisitangaze siku ya chanjo jioni ya kuamkia siku yenyewe. Tangazo lifike kwenye mabaraza ya machifu, makanisani, misikitini na shuleni mwezi mmoja kabla, likiandamana na maelezo mafupi ya jinsi ya kumzoesha mbwa kamba. Vituoni, mbwa wapangwe wakiwa mbalimbali, na wale wakubwa wapewe saa yao. Kwa wale wasioweza kabisa kuletwa, maafisa wawafuate nyumbani, hata kama gharama ni kubwa zaidi, kwani mbwa mmoja asiyechanjwa aweza kukigharimu kijiji zaidi ya hapo.

Na hadi siku hiyo itakapofika, kila mzazi akumbuke jambo hili: mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo na mbwa ni wa nyumbani. Asifungiwe majani wala kupakwa mafuta na kuambiwa alale.

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mwenye mtoto wa mbwa na aanze leo, angali mwepesi wa kubebeka. Mwenye mbwa mkubwa asikate tamaa, maana maksai wengi waliolima mashamba ya Mbooni na Mwingi walifunzwa wakiwa wamekwisha kuota pembe. Uvumilivu tunao, tumeutumia kwa ng'ombe miaka na miaka. Kinachobaki ni kumgawia na mbwa sehemu yake, kabla mwenye gari la chanjo hajapiga honi sokoni.