Je, Wajua Themostati Huulizwa Ikajibu?

Mkulima wa tumbaku wa Mpanda, mkoani Katavi, anaijua kazi ya themostati hata kama hajawahi kuishika mkononi. Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, likishapakiwa majani mabichi, kwa karibu wiki nzima lazima awepo mtu wa kulala na tanuru. Siku za mwanzo joto huachwa kwenye nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi, jani lipate kugeuka njano taratibu. Baadaye kuni zinaongezwa kidogo kidogo, na mwishoni joto hufikishwa karibu na nyuzi 70 ili uti wa katikati ya jani nao ukauke. Moto ukipanda kabla ya wakati, rangi ya kijani inagandia ndani ya jani na hakuna namna ya kuiondoa. Mteuzi sokoni atalishusha daraja.

Mtu huyo wa tanuru anafanya mambo matatu usiku kucha. Anasoma kipimajoto, anailinganisha namba aliyoiona na ile anayoitaka, kisha anaongeza kuni au anazivuta nje. Themostati inafanya hayo hayo matatu, ila yenyewe haisinzii. Ya zamani ilikuwa na kipande cha metali mbili zilizounganishwa, ambacho hupinda kikipata joto na kukata umeme. Ya leo ina kihisi kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri joto linavyobadilika, na kompyuta ndogo kuliko ukucha inayousoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa namba.

Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa chuo huko Whitewater, Wisconsin, nchini Marekani, aitwaye Warren Johnson, alipewa hataza ya themostati ya umeme. Alikuwa amechoshwa na mtunza jengo kuingia darasani kila mara kuangalia kipimajoto kisha kushuka chini kurekebisha hewa ya moto. Chombo chake kilipiga kengele kule chini kwa mtunza jengo, naye akajua la kufanya bila kukatisha somo. Kwa hiyo themostati ya umeme tangu utoto wake ilikuwa na waya wa kupeleka habari mbali. Kinachotushangaza leo, themostati nyingi kuwekwa kwenye mtandao mmoja na kuulizwa moja baada ya nyingine, ni wazo lile lile la kengele likiwa limekua.

Kwa mkoa wa Katavi wazo hilo lina uzito wake. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Eneo lake linapita kilomita za mraba 45,000, na sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.1, zaidi kidogo ya mara mbili ya waliohesabiwa miaka kumi kabla. Watoto wa mkoa huu wanazaliwa Mpanda mjini, lakini wanazaliwa pia Mishamo, Inyonga, Usevya, na Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kila mmoja anahitaji chanjo, na chanjo nyingi husafiri kutoka Dar es Salaam hadi bohari ya mkoa, kisha halmashauri, kisha zahanati, zikiwa ndani ya nyuzi 2 hadi 8 njia nzima.

Watu wengi wanaogopa joto. Fundi wa majokofu ya chanjo anaogopa baridi zaidi, na ana haki. Chanjo ya pentavalenti, ya pepopunda, ya homa ya ini B na ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, zina chumvi za alumini za kuamsha kinga ya mwili. Zikiganda, chembe za alumini hushikamana na chanjo haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kibandiko kilichoko kwenye kichupa hubadilika rangi kikipata joto kwa muda, lakini hakisemi neno juu ya kuganda. Ndiyo maana kifaa cha kurekodi joto kwa siku 30 kinachokaa ndani ya jokofu la chanjo hupiga king'ora joto likizidi nyuzi 8 kwa saa kumi mfululizo, ilhali likishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri hakisubiri zaidi ya dakika 60. Saa kumi kwa saa moja: hapo unaona nani adui mkubwa. Na ndiyo maana kwenye majokofu ya chanjo ya kisasa themostati hufungwa kiwandani, mtu asiizungushe kwa nia njema siku ya jua kali.

Sasa tuingie ndani ya waya. Kwenye vyumba baridi, maghala ya samaki, maabara na vyumba vya mitambo ya simu, themostati za kielektroniki mara nyingi huja na matundu mawili ya ziada yaliyoandikwa A na B. Hapo hufungwa jozi ya nyaya zilizosokotwa pamoja, kwa kiwango kinachoitwa RS-485 kilichotolewa mwaka 1983. Jozi moja inaweza kwenda hadi kama mita 1,200 na kubeba vifaa 32 vya kawaida. Kila ncha ya laini hufungwa kipingamizi cha omu 120, ujumbe usigonge mwisho wa waya na kurudi nyuma kama mwangwi. Lugha inayosemwa humo mara nyingi ni Modbus, iliyotungwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya mashine za viwandani. Ni kongwe, ni nyepesi, na bado iko kila mahali.

Utaratibu wake ni wa adabu. Kompyuta moja ndiyo inayouliza. Themostati zote zinasikiliza, na haisemi hata moja mpaka itajwe kwa anwani yake, kuanzia 1 hadi 247. Tuchukue themostati ambayo kitabu chake kinasema joto la sasa liko kwenye rejista, yaani kijisanduku cha kumbukumbu, ya kwanza kabisa. Swali lote ni baiti nane:

01 03 00 00 00 01 84 0A

Namba ya mwanzo ni anwani: themostati namba 1. Inayofuata, 03, ni amri ya kusoma rejista. Kisha inatajwa rejista ya kuanzia, ambayo ni sifuri, na idadi ya rejista zinazotakiwa, ambayo ni moja. Baiti mbili za mwisho ni hesabu ya ukaguzi: mpokeaji anaipiga upya, na isipolingana ujumbe mzima anautupa, kwa sababu waya umepotosha kitu njiani. Kwa mwendo wa kawaida wa biti 9,600 kwa sekunde, swali zima linapita chini ya mia moja ya sekunde. Jibu laja:

01 03 02 00 32 39 91

Mimi namba 1, umeniomba kusoma, nakupa baiti mbili, nazo ni 00 32. Hesabu hizi ni za heksadesimali, zinazohesabu kwa kumi na sita, kwa hiyo 32 ni tatu mara kumi na sita jumlisha mbili, yaani 50. Themostati nyingi hutuma sehemu za kumi za nyuzi ili kuepuka nukta. Gawa kwa kumi: nyuzi 5.0. Chumba kiko salama.

Mambo huharibika pale joto linaposhuka chini ya sifuri. Nusu nyuzi chini ya sifuri ni hasi 5 katika sehemu za kumi, na themostati huiandika FF FB. Programu iliyoandikwa na mtu asiyekumbuka namba hasi itasoma 65,531, igawe kwa kumi, na kuonyesha nyuzi 6,553. Anayetazama skrini atasema kihisi kimekufa na kukipuuza hadi kesho, wakati ule ule ambao chanjo zinaganda. Kila anayeandika programu ya namna hii ajaribu hasi kabla ya kufunga chochote ukutani, kwa kukitumbukiza kihisi kwenye maji ya barafu yaliyochanganywa na chumvi, ambayo hushuka chini ya sifuri bila shida.

Kusoma peke yake hakumdhuru mtu. Kuandika ni habari nyingine. Amri 06 hubadilisha rejista moja, na rejista hiyo yaweza kuwa ndiyo inayobeba joto linalotakiwa. Ukituma 50 kwa themostati inayohesabu sehemu za kumi, umeomba nyuzi 5. Ukiituma kwa themostati ya kampuni nyingine inayohesabu nyuzi nzima, umeomba nyuzi 50. Anwani 0 nayo ina hatari ya peke yake: ni tangazo kwa wote. Kila themostati kwenye laini inatii na hakuna inayojibu, kwa hiyo kosa moja linaenea jengo zima kimya kimya. Isitoshe, Modbus hii ya nyaya mbili haina nywila. Yeyote aliyefika kwenye jozi ile ya nyaya anaweza kuamuru.

Kuna kosa jingine ambalo huchelewa kuonekana. Themostati nyingi huhifadhi joto lililowekwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, lisipotee umeme ukikatika. Kumbukumbu hiyo huchakaa kwa kuandikwa, na aina iliyozoeleka huhakikishiwa maandiko kama 100,000. Mwandishi wa programu akiona ni salama zaidi kutuma joto linalotakiwa kila sekunde kumi, hata kama halijabadilika, anaandika mara 8,640 kwa siku. Siku ya kumi na mbili ameshaipita idadi ile, na baada ya hapo themostati inaweza kuamka na namba yoyote. Dawa yake ni rahisi: soma kwanza, uandike pale tu namba iliyoko inapotofautiana na unayoitaka.

Ukitaka kujua kama mtandao wa themostati umepangwa vizuri, kata waya wa mawasiliano uone. Ukipangwa vizuri, kila themostati itaendelea na kazi yake kama kawaida, ikiwasha kompresa joto likipanda hadi 6 na kuizima likishuka hadi 4, tuseme, na kuipumzisha dakika chache kabla ya kuiwasha tena isije ikaungua. Uamuzi ubaki kwenye chombo kilicho karibu na baridi. Waya uwe wa kuuliza, kuandika kumbukumbu na kupiga kelele mambo yakienda kombo. Mipango inayohamisha uamuzi wenyewe kwenda kwenye kompyuta ya mbali, chombo cha ukutani kikabaki mtumwa wa mtandao, haifai kwetu, na sioni mahali pengi inakofaa.

Katavi inatoa sababu za kutosha. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na ndiyo sababu ikajengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Umeme ukikatika mawasiliano huweza kukatika nao, lakini baridi haipaswi kukatika. Jokofu la chanjo lenye kuta za barafu linatakiwa, kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kuhimili si chini ya saa 20 bila umeme hata nje kukiwa na nyuzi 43. La sola lisilotumia betri kuhifadhi umeme linatakiwa kuhimili siku tatu bila jua la kutosha. Muda huo ndio nafasi ya mtu kupata taarifa na kufika. Taarifa ikifika saa ya kwanza, gari linatoka Mpanda na kuzikuta chanjo zikiwa nzima. Ikisubiri nesi asome daftari asubuhi ya Jumatatu, gari linakwenda kuchukua vichupa vya kuteketeza.

Tena kuna radi. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, waya mrefu kutoka jengo hadi jengo hukusanya msukumo wa umeme wa radi hata bila kupigwa moja kwa moja, na msukumo huo huua sehemu ya mawasiliano ya kila themostati iliyomo. Laini iishie ndani ya jengo moja, iwekewe vizuizi vya radi penye ncha zake, na vizuizi hivyo vifungwe kwenye waya mfupi mnene unaoingia ardhini. Kutoka jengo hadi jengo, au kutoka zahanati hadi mjini, laini ya simu inatosha. Kifaa kidogo chenye kadi ya simu huuliza themostati kwa Modbus, kisha hutuma joto kwa ujumbe mfupi. Kifaa hicho hicho kipangwe kipitishe amri 03 na kuzikataa zote za kuandika. Kwa upande wa mtandao wa simu, pengo la nywila linazibwa hapo kwa gharama ndogo sana.

Msomaji uliyeko kwenye kamati ya manunuzi ya halmashauri, hospitali, ushirika au ghala la samaki, kabla hujasaini mkataba wa chumba baridi mdai muuzaji karatasi moja: jedwali la rejista za themostati yake. Liseme ni rejista gani ina joto la sasa na ipi ina joto linalotakiwa, kama namba ni za nyuzi nzima au sehemu za kumi, namba hasi huandikwaje, na anwani hubadilishwa kwa njia gani. Bila karatasi hiyo matundu ya A na B ni mapambo tu, na kila themostati ikiharibika utalazimika kumrudia muuzaji yule yule kwa bei atakayoitaja yeye. Asipokuwa nayo, nenda kwa mwingine.