Kuipanga Miraba ya Mfarishi na Kuchagua Rangi ya Kanda Zake

Mara kwa mara twaletewa swali moja na akina mama wa wanafunzi wetu, na pia na wasichana waliokwisha khitimu chuoni ambao sasa wana nyumba zao. Wameshona miraba ya viraka, kumi au kumi na miwili, kila mmoja kwa nakshi yake, kisha wameikunja na kuitia sandukuni, na huko imelala mwaka wa pili au wa tatu. Kushona mraba mmoja mmoja hakukuwashinda. Kilichowashinda ni kuikutanisha: upi ukae wapi, na kitambaa gani kipite baina yake. Kwa ajili yao twaandika haya. Na atakayestaajabu kwamba mwalimu wa chuo ana nini na sindano, basi na ahesabu kofia za vitobo ngapi zimeshonwa barazani na wanaume wa pwani hii.

Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunika au kutandika, yenye tabaka tatu: uso juu, pamba katikati, na bitana chini, zikashikanishwa kwa mishono ipitayo zote tatu. Kwa sisi wa joto pamba si lazima, uso na bitana vyatosha. Lakini wenzetu wa Lushoto na Njombe watatucheka tukiwaambia hivyo. Uso huo waweza kuungwa kwa miraba ya nakshi moja tu, na hapo kazi ni nyepesi, kwani miraba yasikilizana yenyewe. Tatizo huja pale kila mraba unapokuwa na nakshi yake: huu Nyota, huu Viraka Tisa, huu Nyumba ya Magogo, huu Wayo wa Dubu. Majina hayo ni ya Waamerika, nasi twayafasiri tu. Mfarishi wa namna hii wao huuita kwa jina lile lile la kitambaa ambacho wasichana wa Uingereza walikuwa wakijifunzia kutarizi zamani. Kimoja cha vitambaa hivyo, cha Jane Bostocke, chenye tarehe ya mwaka 1598, kimehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London. Maana yake ni nguo inayoonyesha mshonaji amejifunza nini.

Katika mji wa Baltimore, miaka ya 1840 na 1850, ilikuwa ada wanawake wengi kushona mraba mmoja mmoja, mara nyingi mtu akaandika na jina lake, kisha miraba ikaungwa ikawa zawadi ya bibi arusi au ya mtu anayesafiri. Na katika jimbo la Vermont yuko mwanamke aliyeitwa Jane Stickle, ambaye aliunga miraba 169, safu kumi na tatu kwa kumi na tatu, kila mmoja na nakshi yake. Pembeni akaandika kwa uzi kwamba ameushona wakati wa vita, mwaka 1863, na kwamba vipande vyake ni 5,602. Nguo hiyo ipo hadi leo katika makumbusho ya Bennington, na hutolewa kuonyeshwa kwa muda mfupi tu ili mwanga usiiharibu.

Vita hivyo alivyovitaja, vya 1861 hadi 1865, viligusa na kwetu. Tangu Sayyid Said alipofanya mkataba na Marekani mwaka 1833, marikebu za Salem zilikuwa zikileta Unguja kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho mpaka leo twakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Vita vilipoikata pamba yao, merikani ikaadimika sokoni Unguja, na nguo za Bombay zikachukua nafasi. Tumelitaja jambo hili si kwa ajili ya historia peke yake. Kitambaa cha namna hiyo hiyo, cha rangi ya maziwa yaliyochemka, ndicho ambacho wanawake wa kule wamekitumia miaka mingi kuwa uwanja wa nyota zao na kanda za kupita baina ya miraba. Basi msomaji asidhani kwamba ni lazima aagize kitu kutoka mbali.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kosa tunaloliona kila siku ni mtu kwenda dukani kununua kitambaa cha kanda kabla hajaipanga miraba yake. Amependa rangi, ameinunua, na sasa ataka miraba iitii. Afadhali atangulize mpango. Tandika shuka moja nyeupe sakafuni, pahali ambapo watoto hawatapita, uiweke miraba yote juu yake, kisha simama mlangoni uitazame. Usiitazame nakshi, tazama uzito. Kila mraba una uzito wake machoni: wenye giza ni mzito, wenye weupe mwingi ni mwepesi, na wenye nyekundu huita hata ukiwa mdogo. Mizito ikikusanyika upande mmoja, nguo yote itaonekana kama chombo kilicholala upande kwa shehena. Isambaze, mmoja kila pembe ni mpango mzuri, au miwili pembeni na mmoja katikati. Nyekundu ikiwa katika miraba mitatu, iweke mbalimbali ili jicho lizunguke nguo nzima likizifuata. Na nyota isikae ubavuni mwa nyota nyingine, bali ikae na mraba wa mistari iliyonyooka, kila mmoja upate kuonekana.

Kisha iache ilale. Rudi wakati wa magharibi, kabla hujawasha taa. Saa ile rangi hupotea macho yakabaki na mwanga na giza tu, nawe utaujua ukweli wa mpango wako. Vijana hupiga picha kwa simu wakaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, na jawabu ni lile lile. Ukiridhika, bandika kwa pini kijikaratasi chenye nambari juu ya kila mraba, safu na mahali pake. Usiitegemee kumbukumbu.

Hapo ndipo wakati wa kanda. Ukanda ni utepe wa kitambaa unaopita baina ya mraba na mraba, na kazi yake ni kuipa kila nakshi nafasi ya kupumua. Kuna mambo matatu ya kuuliza: upana, rangi, na makutano. Upana usizidi robo ya mraba. Kwa mraba wa inchi 12, ukanda wa inchi 2 hadi 3 watosha. Ukizidi hapo, miraba huonekana kama madirisha katika ukuta mkubwa, na watu wataukumbuka ukuta. Ukipungua sana, nakshi zasongamana.

Rangi ndiyo yenye mabishano. Merikani ni ya upole, haishindani na mtu. Bafta iliyopaushwa ni kali zaidi, na yafaa pale miraba yote ina rangi nzito. Kaniki, au kitambaa cheusi chochote, huzifanya rangi ziwake kama taa usiku. Waamishi wa Marekani wamejulikana kwa jambo hilo. Lakini kaniki huumeza mraba wenye giza, mipaka yake isionekane. Na kwa jumla, ukanda usiwe wa rangi ile ile iliyo uwanja wa miraba mingi, ila ukikusudia kingo zipotee na nyota zielee. Ama nyekundu, sisi hatuipendi kwa kanda, kwani jicho huona ua kabla ya kuona shamba. Kaniki na nyekundu zote mbili, lowesha kipande, kiweke juu ya bafta na kipige pasi ya moto: kikitoa rangi, kitambaa hicho kifuliwe mara kadha kabla ya kukatwa.

Mwaka jana tuliletewa miraba kumi na miwili na nyumba moja ya jirani zetu. Mama wa nyumba ile alikuwa amefariki, na binti zake, wifi zake na shoga zake walizikata khanga zake, kila mtu akashona mraba mmoja, ili apewe mtoto wa mwisho, msichana wa miaka tisa. Naye alishona wake, Viraka Tisa. Walikuja Alkhamisi baada ya alasiri, wakaitandaza juu ya mikeka ya chuo, na ugomvi ulikuwa umekwisha anza njiani. Binti mkubwa ataka kaniki. Shangazi ataka nyekundu, kwa kuwa ndiyo rangi aliyoipenda marehemu. Na mama mdogo alikuwa na neno lake: mraba wa mtoto uondolewe. Ulikuwa umepinda, upande mmoja inchi 11, upande wa pili inchi 11 na nusu, na wenzake wote ni 12.

Hatukubishana kwa maneno. Tulikata vipande virefu vya kila kitambaa tukavilaza baina ya miraba, kimoja baada ya kimoja, watu wote wakisimama mlangoni. Kaniki ilipendeza sana upande wa khanga nyekundu na za manjano, lakini miraba minne yenye giza ilizama. Nyekundu ikalaza yote kumi na miwili. Merikani ilipowekwa, mtu wa kwanza kusema alikuwa yule binti mkubwa: “Sasa naiona khanga ya Idi.” Basi merikani ikawa ya kanda, na kaniki ikawa ya miraba midogo ya makutano, yaani pale ukanda wa wima unapokutana na wa kulala. Shangazi tulimpa pindo la nje liwe jekundu. Hata hivyo mpaka leo asema nyekundu ingefaa kote, na huenda machoni pake ni kweli.

Ukabaki mraba wa mtoto. Mama mdogo akasema, “Mwalimu, huu utatuaibisha.” Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango, hakusema kitu. Tukamjibu, “Mama, huu ndio mshono aliofundishwa na mamake mwezi ule wa mwisho. Utakaa.” Na ufundi wa kuukalisha upo, wala si mgumu. Mraba mdogo haunyoshwi kwa nguvu, wala mikubwa haikatwi ili iufuate, kwani ukikata ncha za nyota umeiharibu kazi ya mtu mwingine. Kila mraba huzungushiwa fremu ya kitambaa kile kile cha kanda, mdogo kwa fremu pana zaidi, kisha yote hukatwa kwa kipimo kimoja. Kwa kuwa fremu na ukanda ni kitambaa kimoja, hakuna atakayeona kilichoongezwa. Tuliikata yote ipate kuwa inchi 13 baada ya kushonwa. Mraba wa mtoto tuliuweka safu ya pili, katikati. Pembeni mwa nguo upindaji huonekana upesi, kwa sababu pindo lililonyooka lipo karibu la kuusuta. Katikati, ukiwa baina ya miraba miwili mitulivu, jicho halina cha kuupimia. Khanga mbili zilikuwa na sehemu ya maandishi ya jina lake, nazo tuliziweka herufi zikisimama sawasawa, zisomeke na aliyelala kitandani.

Hesabu yake ni hii, na kila mtu aibadili kwa vipimo vyake. Miraba mitatu kwenda upana na minne kwenda urefu, yenye inchi 13, na kanda za inchi 2 baina yake na kuizunguka yote, hufanya inchi 47 kwa 62. Kanda fupi zinazohitajiwa ni 31, na miraba midogo ya makutano 20. Kila kipande hukatwa kwa nusu inchi zaidi ya kipimo chake, robo kila upande kwa ajili ya mshono: basi kanda ni inchi 2 na nusu kwa 13 na nusu. Tukaongeza ukingo wa inchi 6 kila upande, ikawa 59 kwa 74, nayo yafunika kitanda cha futi nne kwa sita na kuning'inia kidogo ubavuni. Kanda zikatwe kufuata mtande. Zikikatwa kufuata mshindio hunyumbuka zaidi, na nguo itakuwa na mawimbi. Miraba midogo ya makutano ina faida nyingine isiyosemwa sana: mshono unapokutana na mshono mwajua kwamba safu ziko sawa. Mwenye kutumia ukanda mmoja mrefu bila makutano, na autie alama kwa penseli pahali pa kila mraba kabla ya kushona, la sivyo safu ya chini itateleza.

Wapo wanaotaka miraba isimame kwa pembe, kama almasi. Hupendeza, na miraba kumi na mitatu hukaa vizuri kwa safu za mmoja, mitatu, mitano, mitatu, mmoja. Lakini mraba wa inchi 12 ukisimama kwa pembe huchukua karibu inchi 17, na nafasi za ukingoni zahitaji pembetatu. Pembetatu za ubavuni hukatwa kutoka mraba wa inchi 18 na robo uliogawanywa mara nne kwa pembe zake. Kwa njia hii upande mrefu hufuata uzi ulionyooka na ukingo wa nguo haulegei. Nakshi iliyo na juu na chini, kama kikapu au maandishi ya khanga, ifikiriwe kwanza.

Na wapo wasiotumia kanda kabisa. Wasidi wa Karnataka, Bara Hindi, ambao asili ya wazee wao ni Afrika, na ambao baadhi yao ni Waislamu, hushona mifarishi waiitayo kawandi. Wao huanza pembeni, huweka vipande vya nguo kuukuu juu ya sari, wakizunguka na kushona mpaka wafike katikati, na pembeni hutia vijipande vilivyokunjwa viitwavyo maua. Hawapangi sakafuni kwanza. Mpango wao huja na sindano.

Khabari ya pamba, bitana na namna ya kupiga bandi tabaka tatu zisiteleze, inshallah tutaieleza toleo lijalo. Kwa sasa mwenye miraba sandukuni na aitoe, aipime yote kwa utepe, na aandike kipimo cha kila mmoja kabla hajagusa mkasi.