SMG, gobore na risasi: tujue majina, tufunge silaha

Mtu anapouawa kwa bunduki, maswali mawili huibuka. La kwanza ni la jina: ilikuwa SMG, AK-47 au bastola? La pili huchelewa kuulizwa, ingawa ndilo zito zaidi: silaha hiyo ilitoka wapi, na nani alipaswa kuitunza?

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 25 Agosti 2021 jijini Dar es Salaam. Mtu mwenye bastola aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na Ubalozi wa Ufaransa, akatumia pia bunduki alizopora kwa askari, kisha naye akauawa. Habari nyingine ziliziita bunduki hizo SMG, nyingine AK-47, na watu wakabishana.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tusidhani hayo ni ya mjini. Tunapakana na Rwanda na Uganda. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipiganwa jirani yetu, na mwaka 1994 wakimbizi wengi waliingia wilayani Karagwe. Wenye umri wanakumbuka mabasi yakisindikizwa na polisi kupita pori la Kimisi kwa hofu ya majambazi wenye bunduki.

Majina na maana yake

SMG na AK-47. Nchini kwetu, bunduki ambayo polisi na magazeti huiita SMG kwa kawaida ni ya jamii ya AK-47. Wachina walipoanza kuitengeneza mwaka 1956 waliiweka katika kundi la bunduki ndogo za rashasha, na herufi SMG zinataja kundi hilo. Kwa wataalamu wengine, SMG ni silaha fupi inayotumia risasi za bastola. Kwa hiyo wabishi wawili wanaweza kuwa wanasema bunduki ileile.

Gobore. Hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu. Wengi huliona kama jembe la kufukuzia nyani shambani, lakini kisheria ni silaha na linahitaji leseni. Hatari yake ni kwamba likishashindiliwa si rahisi kulitoa baruti, hivyo wengine hulitundika ukutani likiwa tayari kulipuka.

Risasi. Neno hili tunalitumia kwa vitu viwili: risasi nzima yenye ganda, baruti na kichwa, na kile kichwa pekee kinachoruka. Maganda yanayookotwa baada ya tukio ni matupu. Mtoto akiokota risasi nzima, ajue bado inaweza kulipuka. Asiiguse, amwite mtu mzima, na polisi wapewe taarifa.

Magazini na chemba. Kutoa magazini hakutoshi. Risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, na watu wengi duniani wameuawa na bunduki iliyosemwa kuwa tupu.

Kuitunza

Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye leseni azingatie haya:

1. Atoe magazini, kisha akague chemba kwa macho na kwa kidole.
2. Afungie silaha katika kasha la chuma lililokazwa ukutani au sakafuni. Chini ya godoro na juu ya kabati si mahali pa kutunzia silaha.
3. Risasi zikae katika kasha lingine lenye ufunguo wake.
4. Ufunguo asiuache mahali ambapo watoto wanapajua.
5. Nyumbani kukiwa na ulevi, ugomvi wa ndoa au mtu aliyekata tamaa ya kuishi, silaha ipelekwe polisi kabla hasira haijaifikia.
6. Mmiliki akifariki, familia itoe taarifa polisi. Leseni ni ya aliyepewa, hairithiwi pamoja na shamba.

Kwa silaha zisizo na leseni, Serikali iliwahi kutoa msamaha, kama Septemba na Oktoba 2022, ili wenye nazo wazisalimishe bila kushtakiwa. Nafasi kama hiyo ikitangazwa tena, viongozi wa jumuiya waitangaze pia.

Amri ya tano

Wengine husema, "Sikuua mimi, aliyeua ni mtoto aliyeichezea." Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inafundisha kwamba amri ya tano inakataza pia kumweka mtu katika hatari ya kifo pasipo sababu nzito. Nayo sheria ya Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka mwenye nyumba mpya ajenge ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Ukingo hujengwa kabla mtu hajaanguka.

Tunawaomba mafrateri wanaokwenda vijijini, na viongozi wa jumuiya ndogondogo, walizungumze jambo hili bila kumtaja wala kumtuhumu mtu. Tujifunze majina ili tutoe taarifa sahihi. Lakini kila mwenye silaha ajibu kwanza swali hili: usiku wa leo imefungiwa wapi, na ufunguo anao nani?