Umbali wa Newala Usisingiziwe

Mtandao ukiwa mzito katika ofisi za Masasi na Newala, lawama ya kwanza huangukia umbali: huku ni kusini, Dar es Salaam ni mbali, tufanyeje. Hesabu inakataa. Mwanga ndani ya waya wa faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Masasi kwa barabara ni kama kilomita 600, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde sita. Ongeza mizunguko ya njiani, vifaa vinavyopokezana na mnara wa kupandishia mawimbi hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, bado kwa kawaida hupaswi kufika hata milisekunde 100. Kompyuta ya mhasibu ikionyesha 900, zilizobaki zimepotea kwenye foleni. Hesabu hii haiihusu ofisi inayotumia setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani. Huko milisekunde 600 ni jambo la kawaida.

Foleni hiyo iko wapi? Hilo ndilo swali ambalo ofisi nyingi huliruka, zikakimbilia kununua bando kubwa zaidi. Naliona hilo kuwa upotevu wa fedha, na fedha zenyewe ni za halmashauri au za wakulima. Siku hizi malipo ya halmashauri yanapita kwenye MUSE, zabuni ziko kwenye NeST, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX. Mtandao ukikwama, kazi inasimama, na anayesubiri ni mtu mwenye shida ya kweli.

Kipimo cha kwanza ni bure. Amri ya ping, aliyoiandika Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, imo katika kila kompyuta ya Windows. Fungua madirisha matatu ya amri kwa pamoja. La kwanza lipime ruta ya ofisi, la pili lipime kituo cha kwanza cha mtoa huduma (amri ya tracert itakuonyesha anwani yake), la tatu lipime seva iliyoko Ulaya. Tumia ping -t ili zisisimame, uziache ziende wakati kazi imechanganya, si saa moja asubuhi ofisi ikiwa tupu.

Ruta yenyewe ikijibu kwa milisekunde 200, au pakiti zikipotea, mtoa huduma hana kosa. Tafuta waya uliolegea au waifai inayopenya kuta tatu kumfikia mtunza stoo. Ruta na kituo cha mtoa huduma vikijibu vizuri huku Ulaya pekee ikisuasua, tatizo liko mbali, kama ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Tanzania ikaathirika vibaya.

Linalosumbua zaidi ni la katikati: ruta inajibu kwa milisekunde moja, kituo cha mtoa huduma kwa 900. Hapo ama laini ni mbovu, ama imejaa, na ping haiwezi kukuambia ni lipi. Lazima uingie ndani ya ruta uangalie kinachopita.

Ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia, zina zana iitwayo Torch. Ukiifungua unaona orodha ya anwani za vifaa vya ofisi, na mbele ya kila anwani namba mbili zinazobadilika kila wakati: kinachotoka na kinachoingia. Tuseme laini ni ya Mbps 10, yaani isiyozidi megabaiti 1.25 kwa sekunde. Sasisho la Windows la gigabaiti 4 litaimeza yote kwa karibu dakika 53. Umeme ukirudi na kompyuta kumi zikawaka pamoja, kila moja ikadai sasisho lake, ni karibu saa tisa. Siku ya kazi imekwisha.

Wengi huangalia kinachoingia tu. Mimi huanza na kinachotoka. Simu moja inayopakia picha na video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni inaweza kujaza upande wa kutoka, ambao mara nyingi ndio mwembamba. Kwa kila unachopakua, kompyuta yako hutuma ujumbe mfupi wa kukiri kupokea, na ujumbe huo sasa umekwama nyuma ya video, kama mkulima mwenye gunia moja aliyekuta lori limeshika mizani ya chama cha ushirika (AMCOS). Basi hata kupakua kunadorora. Tangu 2010 mtaalamu wa kompyuta Jim Gettys amekuwa akieleza kwamba ruta zenye kumbukumbu kubwa mno hulizidisha tatizo, maana hurundika pakiti badala ya kuzitupa mapema ili mtumaji apunguze mwendo.

Torch inaonyesha sasa hivi tu. Kwa picha ya wiki unahitaji grafu. Tobias Oetiker alibuni MRTG, programu ya kuchora grafu hizo, katikati ya miaka ya 1990, akiwa mahali palipokuwa na laini moja tu ya kilobiti 64. Programu hiyo ni ya bure hadi leo, na ruta nyingi zina grafu zake zenyewe.

Pima kiasi, usisome yaliyomo. Kujua kwamba simu fulani imepakia gigabaiti mbili kunatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na wafanyakazi waambiwe mapema kwamba laini inapimwa na kwa nini.

Tiba mara nyingi haina gharama: wekea kila kifaa kikomo kwenye ruta, tanguliza mifumo ya kazi, na ruhusu kompyuta moja ipakue masasisho na kuzigawia nyingine ndani ya ofisi. Grafu ikiendelea kujaa kuanzia saa tatu hadi saa kumi, na waliomo ni MUSE, NeST na barua pepe, hapo ongeza bando. Ikiwa inagota Mbps 4 wakati mkataba unasema 10, ichapishe, ambatisha namba za ping za saa zilezile, ipeleke kwa mtoa huduma. Asipotatua, malalamiko yaende Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) pamoja na karatasi hizo.