UKULELE: JINSI YA KUPIGA KODI NA WIMBO KWA PAMOJA (SOMO KWA WANAOANZA KABISA)

Najua nimepotea kidogo hapa kijiweni, mambo yalikuwa mengi. Leo siandiki habari za Halmashauri wala za barabara. Leo ni muziki. Na kabla hujauliza, kodi ninayoisema hapa siyo ile ya TRA, ni ile ya gitaa na kinanda, kwa hiyo usikimbie.

Kama uko kafe na dakika zako zinakimbia, chukua daftari na kalamu unakili zile namba nitakazoweka hapo chini. Ukifika nyumbani utafanya mwenyewe taratibu.

KISA CHENYEWE

Babu yangu ni mpigaji wa iritungu. Kwa wasiojua, iritungu (wengine huandika litungu) ndiyo ala yetu Wakurya, lile chombo kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito inayokukaa kifuani. Mpigaji anaimba, na hapo hapo vidole vyake vinaimba pamoja naye. Babu ana wimbo mmoja ambao alimpigia bibi tangu ujana wao. Ukoo mzima tunaujua.

Mwaka juzi mzee akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukagoma. Iritungu ikatundikwa ukutani, na mpaka leo iko pale pale. Miezi michache baadaye bibi akafariki. Kwenye kumaliza matanga watu wakaomba ule wimbo, ikawa kimya. Hakuna aliyeweza kuupiga.

Mimi nilikuwa na ukulele yangu niliyoipata kwenye mnada wa mitumba, nikajitia ujasiri. Nikapiga C, F, G7, C, F, G7... najua kuchapa tu, si unajua tunavyojifunza kwaya. Watu wakanyamaza kwa heshima. Babu akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwa Kikurya, "Mjukuu wangu, zizi nimeliona. Ng'ombe yuko wapi?"

Iliniuma. Lakini mzee alikuwa na haki. Kodi ni zizi, wimbo wenyewe ndiyo ng'ombe. Mimi nilijenga zizi tupu. Tangu siku ile nikaanza kutafuta namna ya kumwingiza ng'ombe ndani ya zizi, yaani ala moja, mtu mmoja, kodi na sauti ya wimbo vinasikika kwa pamoja bila mtu kuimba. Wenyewe wanaita kodi melodi.

SIYO KITU KIGENI

Usidhani haya ni mambo ya wazungu tu. Waliokulia karibu na wapigaji wa iritungu, au wa nyatiti kwa majirani zetu Wajaluo, wameshaona mtu mmoja akifanya kazi ya watu wawili. Kwenye gitaa kuna Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Wimbo wake Masanga ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Gitaa moja, kidole gumba na cha shahada, lakini ukisikiliza unaapa wako watu wawili. Na aliimba kwa Kiswahili.

Ukulele yenyewe imetoka mbali. Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu, Hawaii, ikiwa na vibarua Wareno kutoka kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Walikuja na vigitaa vidogo vya kwao, na mafundi kama Manuel Nunes ndio waliotengeneza ukulele za kwanza huko. Kwa hiyo hii ni ala ya watu wa shambani kama sisi, usiiogope.

HATUA YA 1: IJUE ALA YAKO KWA SOLFA

Wewe uliyepita kwaya hata mwezi mmoja una faida kubwa hapa. Nyuzi nne za ukulele, kuanzia ule ulio karibu na uso wako kushuka chini, ni hizi:

SOL – DO – MI – LA

Kwenye vitabu utaona G C E A, ni kitu kile kile tukiwa ki C. Kama huna simu yenye programu ya kutyuni, tafuta kinanda cha kanisani, chukua DO ya katikati, weka uzi wa DO sawa nayo. Halafu:

- Bana uzi wa DO kwenye freti ya 4, hiyo ndiyo sauti ya uzi wa MI.
- Bana uzi wa MI kwenye freti ya 3, hiyo ndiyo sauti ya uzi wa SOL.
- Bana uzi wa MI kwenye freti ya 5, hiyo ndiyo sauti ya uzi wa LA.

Sasa shika jambo hili moja, maana ndilo lililonisumbua wiki nzima. Kwenye gitaa uzi wa juu kabisa ndio mzito. Kwenye ukulele ya kawaida SIYO. Ule uzi wa SOL uko juu lakini sauti yake ni nyembamba, inazidi DO na MI. Sauti nzito kuliko zote ni uzi wa DO. Usiposhika hili, uzi wa SOL utakuwa unaimeza sauti ya wimbo na hutajua kwa nini.

HATUA YA 2: TAFUTA NG'OMBE KWANZA (WIMBO BILA KODI)

Hizi hapa sauti nane. Namba ni freti, 0 maana yake uzi wazi bila kubana:

do = uzi wa DO, 0
re = uzi wa DO, 2
mi = uzi wa MI, 0
fa = uzi wa MI, 1
sol = uzi wa MI, 3
la = uzi wa LA, 0
ti = uzi wa LA, 2
do ya juu = uzi wa LA, 3

Panda na ushuke nazo kwa siku tatu nne. Imba huku unapiga. Kama huwezi kuuimba wimbo kwa solfa, vidole havitaujua, hilo nakuhakikishia.

HATUA YA 3: KODI TATU TU

Namba zinafuata mpangilio wa SOL-DO-MI-LA:

C = 0003 (kidole cha pete kwenye LA freti ya 3)
F = 2010 (cha kati kwenye SOL freti ya 2, shahada kwenye MI freti ya 1)
G7 = 0212 (shahada MI freti ya 1, cha kati DO freti ya 2, cha pete LA freti ya 2)

Utajuaje kodi ipi iende na sauti ipi? Kwa kuanzia: sauti ikiwa do, mi au sol jaribu C. Ikiwa fa au la jaribu F. Ikiwa re au ti jaribu G7. Sikio likikataa, badilisha. Sikio ndiyo hakimu.

HATUA YA 4: SHERIA YA NNE, TATU, MBILI, MOJA

Hapa ndipo penyewe jamani. Siri ya kodi melodi ni moja tu: masikio ya binadamu hushika sauti ya juu kuliko zote. Kwa hiyo sauti ya wimbo lazima iwe ya juu kuliko zile nyingine unazopiga pamoja nayo. Nimeipanga hivi ili isinipotee:

NNE: sauti ikiwa la, ti au do ya juu, zote ziko uzi wa LA. Piga nyuzi zote nne kwa kidole gumba kushuka chini. Uzi wa mwisho kuguswa ni LA, ndio utakaobaki masikioni. Kwa la piga F, kwa ti piga G7, kwa do ya juu piga C.

TATU: sauti ikiwa sol, bana MI freti ya 3, kisha teremsha gumba kwenye SOL, DO na MI halafu LISIMAME hapo, liegemee uzi wa LA bila kuulia. Uzi wa SOL na sol yako ni sauti moja, kwa hiyo wimbo unapata nguvu mara mbili.

MBILI: sauti ikiwa mi au fa, achana kabisa na uzi wa SOL kwa sababu utauzidi wimbo. Gumba liguse DO, shahada iguse MI, kwa wakati mmoja, kama unachukua chumvi.

MOJA: sauti ikiwa do ya chini au re, piga uzi wa DO peke yake kwa gumba. Usione haya. Hata mpigaji mkubwa huacha sauti moja ipumue.

HATUA YA 5: ZOEZI

Hili zoezi nimelitunga mwenyewe, halina mwenyewe mwingine. Hesabu nne nne, polepole kama mtu anayechunga:

Mstari wa 1: mi – sol – la – sol
Mstari wa 2: do ya juu – ti – la – sol
Mstari wa 3: la – sol – fa – mi
Mstari wa 4: re – mi – re – do

Kwa sheria yetu, mstari wa kwanza unakuwa mbili, tatu, nne, tatu. Wa pili ni nne, nne, nne, tatu. Wa tatu nne, tatu, mbili, mbili. Wa nne moja, mbili, moja, moja.

Kwenye namba (x maana yake usiguse):

Mstari wa 1: x00x, 003x, 2010, 003x
Mstari wa 2: 0003, 0212, 2010, 003x
Mstari wa 3: 2010, 003x, x01x, x00x
Mstari wa 4: x2xx, x00x, x2xx, x0xx

Nakili hiyo. Ukiweza kuipiga mara tano mfululizo bila kusimama, tayari wewe unapiga kodi melodi. Baada ya hapo chukua wimbo wowote wa kwenu, andika solfa yake, uupitishe kwenye sheria ile ile.

MAKOSA NILIYOYAFANYA ILI WEWE USIYAFANYE

1) Kuweka kodi kwenye kila sauti. Wimbo unakuwa mzito kama gari la mkaa. Weka kodi kwenye pigo la kwanza la kila mstari, zile nyingine piga sauti moja moja. Ukizoea ndiyo uongeze.

2) Kuinua vidole vyote kila ukibadilisha. Kutoka do ya juu kwenda sol, kidole cha pete kinahama tu kutoka uzi wa LA kwenda MI, freti ile ile ya 3. Kihamishe, usikirushe hewani.

3) Haraka. Kama unakwama sehemu moja, rudia hizo sauti mbili tu, siyo wimbo mzima. Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili.

4) Kulazimisha wimbo usiokaa. Ukulele hii haina sauti chini ya ile do. Wimbo ukishuka zaidi ya hapo, usikate tamaa, upandishe wote uende ki F. Hapo kodi zako ni F (2010), B bemoli (3211) na C7 (0001). Ile B bemoli itakutesa kidole cha shahada, iache mpaka mwezi wa pili.

MWISHO WA KISA

Ilinichukua kama miezi miwili kuupata wimbo wa babu. Kazi ngumu haikuwa vidole. Kuna sauti moja kwenye iritungu yake ambayo haiko kwenye freti yoyote ya ukulele, iko katikati ya freti mbili. Nilijaribu huku, nikajaribu kule, haikai. Mwishowe nikawa nabana freti ya chini yake halafu nausukuma uzi pembeni kidogo ili sauti ipande. Inakaribia, ingawa si yenyewe.

Jumapili moja jioni nikakaa naye nje. Sikumwambia kitu, nikapiga. Mkono wake wa kulia ukaanza kugonga goti taratibu. Nilipofika ile sehemu ya kusukuma uzi akaguna. Nikamaliza. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Ng'ombe ameingia. Ila anachechemea."

Halafu akaniambia niende ndani nikaishushe ile iritungu ukutani, nikae mbele yake, aniambie kila uzi jina lake na kazi yake maadamu bado anakumbuka. Ndiyo tulipofikia sasa hivi, tuko uzi wa tatu.

Kwa hiyo mdau, ombi langu ni dogo tu. Wewe wa Nyamongo, wa Sirari, wa Mugumu, wa kokote: kama nyumbani kuna mzee anayepiga, usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Nenda na simu, mrekodi, muulize. Ukulele unaweza kuinunua wakati wowote. Mzee haimo dukani.

Swali au marekebisho weka hapo chini, nitajibu nikipata bando. Na anayejua namna nzuri zaidi ya kuipata ile sauti ya katikati ya freti, tafadhali asikae kimya. Ng'ombe wetu bado anachechemea.