KAMERA IKO MIKONONI MWA NANI?
(Na mwanachama wa Kidato cha Tatu)

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Leo nitawakaidi wahenga kidogo. Nataka kukuambia maana ya sanaa ya majaribio, ile ambayo wengi wetu tukiiona husema, "Aa, huu ni wazimu tu!"

Sanaa ya majaribio ni nini? Ni kazi ya msanii aliyeiacha kwa makusudi njia iliyozoeleka. Filamu yake haina steringi wala adui. Muziki wake hauna kiitikio cha kuimba njiani ukienda mtoni. Lakini ukizichunguza kazi hizi utagundua kwamba zina mbinu ambazo hurudi kila mara. Nitaeleza tatu.

Kwanza ni marudio. Mwaka wa 1943 huko Marekani, Maya Deren na mumewe Alexander Hammid walitengeneza filamu fupi iitwayo "Meshes of the Afternoon". Ndani yake ufunguo, kisu na ua huonekana tena na tena, na kila vikirudi vinakuja na hofu mpya. Kitu ni kile kile, maana ndiyo inayobadilika. Je, jambo hili ni geni kwetu? Hata kidogo! Nenda ukatazame ngoma ya edonga. Kiongozi anaimba, wenzake wanaitikia, miguu inatwanga chini pamoja, halafu yanarudiwa yayo hayo. Mwanamume anainua mikono juu kama pembe za maksai wake anayempenda. Anayefuata naye huinua, lakini pembe zake ni za maksai mwingine. Kwa hiyo usiseme marudio ni kukosa la kusema.

Pili ni kimya. Mwaka wa 1952 John Cage, pia Mmarekani, alitunga kipande cha dakika 4 na sekunde 33 ambacho mpiga piano hapigi hata noti moja. Ni mzaha? Watu walilazimika kusikiliza kilichobaki: upepo, mvua, na minong'ono yao wenyewe. Kwetu Kenya ametoka kijana wa Nairobi, Joseph Kamaru, ajiitaye KMRU, mjukuu wa yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu mwenye jina hilo hilo aliyefariki mwaka wa 2018. KMRU hurekodi sauti za mahali na kuzigeuza kuwa muziki wa polepole, kama katika albamu yake "Peel" ya mwaka wa 2020. Sisi wa Nakalale tunaoweza kutambua kengele ya mbuzi wetu gizani, tutashindwaje kumwelewa?

Tatu, na hapa ndipo penye moyo wa makala haya, ni msanii kujionyesha. Sinema ya kawaida huficha kamera ili udhani unaona ukweli mtupu. Mnamo 1929, katika Umoja wa Kisovieti, Dziga Vertov alifanya kinyume: akamwonyesha mpiga picha akiwa kazini, na hata mama anayekata na kuunganisha filamu mezani.

Mbinu hiyo ilifika Turkana. Mwaka wa 1973 na 1974 David na Judith MacDougall walikuja huku na kamera yao, wakakaa karibu na boma la mzee aitwaye Lorang. Huyu mzee alikuwa amewahi kuchukuliwa jeshini zamani za Waingereza, kisha akarudi kufuga. Zilitoka filamu tatu: "The Wedding Camels" (1977), "Lorang's Way" (1979) na "A Wife Among Wives" (1981). Ndani yake watu wanazungumza Kiturkana chao, na tafsiri inaandikwa chini ya picha. Hakuna sauti nzito ya mgeni inayokwambia, "Hawa ndio Waturkana, nao hufanya hivi." Badala yake unawasikia watengenezaji wenyewe wakiuliza maswali, na wakati mwingine hawapati jibu lililonyooka.

Katika "The Wedding Camels" binti ya Lorang anaposwa na rafiki ya baba yake, na mahari inazua ubishi. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Mtazamaji hapewi hukumu. Anabaki kujua kwamba mgeni, hata akiwa na kamera nzuri namna gani, haoni yote. Si wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake?

Kwa nini nalia na jambo hili? Nilipokuwa shule ya msingi alipita mgeni mmoja na gari, akatukuta kwenye laga tukichota maji pamoja na nyanya yangu. Akataka kutupiga picha, lakini kwanza akatuambia tuvue sweta za shule, ati ndipo tuonekane Waturkana wa kweli. Tukavua. Jamani, sweta ile nyanya aliuza mbuzi ili niipate! Picha hiyo sijaiona hadi leo. Kama mpiga picha naye angeonekana mle, na mkono wake ukielekeza kwenye sweta zetu pale mchangani, basi picha ingesema kweli.

Usidhani nasema kamera ni mbaya. Kuanzia mwaka wa 2001 shirika la FilmAid lilionyesha sinema jioni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na baadaye vijana wakafunzwa kutengeneza filamu zao wenyewe. Hapo aliyekuwa akitazamwa akawa mtazamaji, kisha akawa msanii.

Basi wanachama wenzangu, likizo ijayo omba simu ya mjomba. Piga picha ya kitu kimoja mara kumi kwa saa tofauti. Rekodi kimya cha boma alfajiri. Muulize nyanya swali, na usikate sauti yako uliyoulizia. Na asipojibu, usikate kimya chake.

Halafu rudi na kazi yako tuijadili chamani, kwa Kiswahili sanifu. Ukija na sweta, ivae.