Mtunga Mtihani na Duka la Vitabu

Pembeni mwa jalada kuna nembo ndogo. Inasema kitabu kimeidhinishwa na Cambridge kuwa kinamaliza muhtasari wote wa somo namba 0610, yaani Biolojia ya IGCSE. Mzazi aliyesimama mbele ya rafu Mombasa au Dar es Salaam, orodha ya shule mkononi, haangalii zaidi ya hapo. Nembo ipo, bei inaumiza, kitabu kinalipiwa. Lakini akifunua ule ukurasa wa hakimiliki ambao karibu kila mtu huuruka, atakuta aya yenye herufi ndogo kama sisimizi. Aya hiyo inaeleza kwamba maswali na majibu ya mfano yameandikwa na mwandishi wa kitabu, kwamba kwenye mtihani wenyewe alama huenda zikatolewa vingine, na kwamba walimu wanashauriwa kutumia na vitabu vingine.

Jalada linaahidi, ukurasa wa ndani unajihami.

Kati ya kurasa hizo mbili ndipo ulipo mgogoro ambao England imekuwa ikiuzungumza kwa miaka mingi, na ambao shule zetu za mtaala wa kigeni zimeununua pamoja na vitabu: je, anayetunga mtihani apewe nafasi ya kusema kitabu kipi kinafaa kuusomea?

Kwa msomaji aliyezoea baraza moja la mitihani la taifa, mfumo wa England ni wa ajabu kidogo. Hakuna chombo kama NECTA ya Tanzania wala KNEC ya Kenya. Kuna bodi kadhaa zinazogombea wateja: AQA, ambayo ni asasi isiyogawana faida, OCR, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Edexcel, mali ya kampuni ya Pearson, na WJEC ya Wales, ambayo kwa England hutumia jina la Eduqas. Shule huchagua bodi kwa kila somo. Hisabati inaweza kwenda Edexcel na Historia ikaenda AQA, na kila mtahiniwa analipiwa ada. Bodi inayopendwa na walimu hupata fedha, na mojawapo ya njia za kupendwa na walimu ni kuhakikisha vitabu viko tayari siku muhtasari mpya unapoanza kufundishwa.

Hapo ndipo wachapishaji walipoingia. Mihtasari ya A-level iliyoanza kufundishwa mwaka 2008 ilikuja na vitabu vya kampuni ya Nelson Thornes vilivyotamka jaladani kwamba ndivyo pekee vyenye baraka za AQA. Neno "pekee" lilikuwa na kazi yake. Mchapishaji mwingine angeweza kuandika kitabu bora zaidi, lakini mwalimu mwenye wanafunzi mia na bajeti ya kubana asingejitosa.

Pearson ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2003 kampuni hiyo, mojawapo ya wachapishaji wakubwa wa vitabu vya shule duniani, ilichukua sehemu kubwa ya hisa za Edexcel. Bodi kubwa ya mitihani ikawa mikononi mwa kampuni ya biashara inayouza hisa zake sokoni. Tangu hapo nyumba moja hutunga mtihani, husahihisha, hutoa cheti na huuza kitabu. Cambridge nako hakukukaa mbali na hali hiyo. Matbaa ya chuo hicho ina hati ya kifalme ya mwaka 1534, na idara yake ya mitihani ilianza mwaka 1858. Ziliishi kama majirani kwa muda mrefu, hadi zilipounganishwa mwaka 2021 kuwa taasisi moja. Ni kweli kwamba Cambridge huidhinisha pia vitabu vya wachapishaji wengine, Hodder na Oxford wakiwamo, na Pearson hufanya vivyo hivyo. Hata hivyo refa anapokuwa na timu yake uwanjani, watazamaji hawaachi kuhesabu penalti.

Kilichowasha moto hasa hakikuwa kitabu. Desemba 2011 gazeti la The Daily Telegraph liliwapenyeza waandishi wake, kamera zikiwa zimefichwa, kwenye semina ambazo bodi zilikuwa zikiwaandalia walimu kwa malipo. Watahini walinaswa wakidokeza mada zipi zingetokea na zipi walimu wangeweza kuziruka. Serikali ikaagiza uchunguzi, watahini wakasimamishwa, na semina za aina hiyo zikapigwa marufuku. Kamati ya Elimu ya Bunge, iliyotoa ripoti yake Julai 2012, haikuishia kwenye semina. Iligeukia na vitabu, maana aliyekuwa akiendesha semina mara nyingi ndiye aliyekuwa jaladani kama mwandishi. Mtahini mkuu aliyeandika kitabu cha somo analotungia maswali hahitaji kuvujisha kitu. Jina lake tu linatosha kuuza.

Siku hizi msimamizi wa mitihani wa England, Ofqual, ana masharti maalumu kuhusu mikataba kati ya bodi na wachapishaji, na bodi hutakiwa kutangaza vigezo zinavyotumia kuidhinisha. Vitabu vyenye nembo ya Pearson hubeba tamko kwamba watahini wa kampuni hawakushiriki kuandika sehemu zinazohusu karatasi wanazozisimamia, na kwamba kitabu hicho si lazima wala si pekee kinachofaa. Ni matamko mazuri. Yako, bila shaka, kwenye ule ukurasa wa sisimizi.

Wanaotetea nembo wana hoja, na si ndogo. Muhtasari ukibadilika, mwalimu wa Fizikia aliyehamishiwa Kemia kwa sababu mwenzake ameacha kazi hana muda wa kulinganisha vitabu vitano mstari kwa mstari. Kitabu kisichogusa mada moja kinaweza kumgharimu mtoto alama ambazo hakustahili kuzikosa. Nani anajua zaidi kuliko bodi kama kitabu kimegusa kila kitu? Bila nembo, kila mchapishaji angejipachikia sifa mwenyewe, na rafu zingejaa vitabu vinavyodai "kulingana na muhtasari mpya" huku ndani vikiwa vilevile vya zamani vilivyovalishwa jalada jipya. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa hilo.

Lakini kuidhinisha ni kuidhinisha nini? Mwaka 2018 kitabu cha Sosholojia cha GCSE kilichochapishwa na Hodder, chenye idhini ya AQA, kilizua hasira Uingereza kwa sababu kilieleza kwamba katika familia za Karibi akina baba kwa kiasi kikubwa hawapo na mzigo wa malezi huwaangukia wanawake. Jamii nzima ilikuwa imefungiwa ndani ya sentensi chache, na mtoto wa London mwenye asili ya Jamaika angetarajiwa kuisoma kama maarifa. Hodder ilikiondoa sokoni. Kitabu kilikuwa kimepita kwenye jicho la bodi. Ilichotafuta bodi ni kama mada ya familia imeguswa, na mada ilikuwa imeguswa kweli.

Kisa cha vitabu vya Pearson kuhusu Mashariki ya Kati ni kizito zaidi. Vilikuwa viwili, vya wanafunzi wa GCSE na IGCSE. Mashirika ya kuitetea Israel yalilalamika kwamba vinapendelea Wapalestina, Pearson ikavirekebisha. Ndipo maprofesa wawili wa Uingereza wakalinganisha matoleo ya zamani na mapya neno kwa neno, wakahesabu mabadiliko karibu 300, na wakasema sasa vimeegemea upande wa pili. Mwaka 2021 Pearson ikasitisha kuviuza. Vitabu vya historia hugombaniwa kila nchi, na huu usingekuwa ugomvi wa kipekee kama si jambo moja: aliyekihariri kitabu, aliyekiidhinisha na ambaye angesahihisha majibu ya mwanafunzi walikuwa chini ya paa moja. Mwanafunzi aliyeamini toleo la kwanza asingejua kama jibu lake bado lina alama.

Ajabu ni kwamba ukosoaji mkali wa vitabu vya England ulitoka ndani ya nyumba ya bodi. Tim Oates, mkuu wa utafiti wa Cambridge Assessment, aliandika mwaka 2014 kwamba nchi yake imeacha kabisa utamaduni wa vitabu vya kiada. Takwimu alizozitumia zilionyesha kuwa ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa darasa la tano wa England waliofundishwa Hisabati kwa kutegemea kitabu, wakati Singapore walikuwa asilimia 70 na Finland 95. Na vile vilivyokuwapo, alilalamika, vilikuwa vimepinda kuelekea mtihani badala ya kuelekea somo.

Singapore na Finland zinafaa kutazamwa kidogo. Singapore, vitabu huidhinishwa na Wizara ya Elimu, si na wanaotunga mtihani. Finland ilifuta kabisa ukaguzi wa vitabu mwaka 1992; mchapishaji huandika, mwalimu huchagua, na mtihani mkubwa wa taifa mmoja tu humsubiri kijana mwisho wa sekondari ya juu. Njia mbili tofauti kabisa, na katika zote mbili mtunga mtihani hana duka.

Huku kwetu mgawanyo huo upo kwa jina na kwa anwani. Tulipojitoa mikononi mwa Cambridge, iliyokuwa ikitutungia mitihani, kwanza tulikuwa pamoja: Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa 1971 na kuunda NECTA kwa sheria ya mwaka 1973, Kenya ikafuata na KNEC mwaka 1980. Vitabu vikabaki kwa wengine: Taasisi ya Elimu Tanzania, na Kenya taasisi ya mitaala inayoitwa leo KICD. Anayetunga mtihani na anayeidhinisha kitabu hukaa ofisi tofauti, ingawa mwajiri wao ni serikali ileile.

Je, hilo limetuponya? Limeponya donda moja. Hakuna anayeweza kusema NECTA inatunga maswali ili iuze kitabu chake. Lakini tumeingia shimo jingine. Tanzania ilivunja mwaka 2013 kamati iliyokuwa ikitoa ithibati kwa vitabu vya wachapishaji binafsi, na kazi ya kuandika na kuchapa vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi. Mwaka 2017 wabunge waliinua vitabu vyenye makosa ya wazi, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameiongoza NECTA yenyewe, ilibidi awajibu na vitabu viondolewe. Mwandishi na mtoa ithibati walikuwa mtu mmoja. Nani angemwambia umekosea? Kenya nayo ilikuwa na orodha iliyoitwa Orange Book, ambamo kila somo liliweza kuwa na vitabu hadi sita, shule ikachagua. Mwaka 2018 serikali ilianza kununua kitabu kimoja kwa kila somo na kukipeleka moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kila mtoto awe na chake. Lengo ni zuri, na watoto wengi walipata vitabu ambavyo hawakuwahi kuvimiliki. Uchaguzi wa mwalimu ndio uliotoweka.

Na palipo na kitabu kimoja chenye baraka, biashara ya pembeni hustawi. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilipokuwa riwaya ya kutahiniwa Kenya, wauza vitabu walijaza meza zao miongozo: muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika, maudhui, na maswali yenye majibu. Wapo wanafunzi walioifahamu Chozi la Heri kwa mwongozo tu, riwaya yenyewe ikikaa mkobani ikiwa mpya. Mwongozo haukuhitaji nembo ya mtu. Mtihani ulikuwa umeshaufanyia matangazo.

Donda hili la kusomea mtihani tu nembo za Cambridge na Pearson haziliponyi. Zinalipeleka ndani ya kitabu chenyewe. Fungua tena kile kitabu cha 0610. Kurasa zake zimegawanywa: hii ni ya msingi, hii ni ya nyongeza kwa wale tu watakaofanya karatasi ngumu zaidi. Mtoto wa kidato cha tatu hujifunza mapema kuzitambua, na swali lake la kwanza darasani huwa kama ukurasa huu utatokea. Mwandishi aliyetaka kumweleza kwa nini mikoko ya Lamu inaishi kwenye maji ya chumvi, wakati mihindi ingekufa, hana pa kuliweka jambo hilo, kwa kuwa halimo kwenye muhtasari, na kitabu kinachotafuta nembo kinapimwa kwa muhtasari.

Muhtasari huo una tarehe zake. Biolojia ya 0610 ilipobadilishwa kwa ajili ya mitihani ya kuanzia 2023, shule zilitangaza toleo jipya, na matoleo ya zamani yakashuka hadi kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba. Mmeng'enyo wa chakula uliomo humo ni uleule, na moyo una vyumba vinne vilevile. Nembo bado ipo jaladani, mwaka tu ndio umepita, na muuzaji anakubali kupunguza bei bila kubishana.